Gari Lisilo na Jina

Nimeendesha malori ya wenyewe miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuona foleni ya mpakani Malaba ikimpisha mtu. Foleni ile haina mjomba. Nimelala ndani yake siku nne nikila mayai ya kuchemsha, na nimewaona matajiri wakipiga honi mpaka wakachoka, wakazima injini kama sisi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyaota. Niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeshika usukani wangu mwenyewe.

Usukani wangu. Niacheni niseme mara ya pili.

Siku hiyo nilikuwa yadi ya magari pale Busia tangu asubuhi, kuchukua Probox nyeupe. Paulinus, mwenye yadi, alifunga mbele na nyuma namba zenye herufi nyekundu. "Hizi ni za muda, boss," akasema. "Za kweli zitatoka kama wiki tatu hivi. Usivuke border nazo, na ikifika saa kumi na mbili jioni, gari ilale. Ukishikwa, mimi simo." Akanipa karatasi ya kibali. Niliisoma, nikaona namba ya chesisi imekosewa tarakimu moja. Paulinus akasema hakuna mtu atahesabu. Nikamwambia mimi nimehesabu, nikamkalisha chini aandike upya, maana nimeona watu wazima wakilala selo kwa tarakimu moja. Ukaidi wangu huo ulikula saa mbili nzima.

Nilikuwa natoka getini, saa tisa, simu ikalia. Alikuwa Amongin, mke wa binamu yangu wa Malaba. Mama mkwe wake, Nerima, ndiye dada pekee aliyembakia mama yangu. Nerima aliolewa na mtu wa kabila la Teso akiwa msichana, akazeekea huko Malaba, na tangu mwaka mpya alikuwa mgonjwa.

"Mama amekataa hata uji," Amongin akasema. "Anauliza tu, Roselida ako wapi. Kama mnakuja, mkuje leo."

Roselida ndiye mama yangu. Anakaa kwangu Mundika, nje kidogo ya Busia, tangu mafuriko yalipochukua nyumba yake Budalang'i. Nyonga yake ilivunjika, kwa hiyo matatu hawezi kupanda, na pikipiki ndiyo usiseme. Miaka mitatu hakuwa amemwona dada yake. Marafiki niliwaambia gari ni la biashara. Ukweli ni kwamba nililinunua kwa ajili ya safari hiyo moja.

Nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani. Akalizunguka gari polepole na fimbo yake, na alipofika mbele akasimama.

"Jina yake ndiyo hii?"

"Hapana, mama. Hii ni ya muda tu. Ya kweli itakuja."

"Kwa hivyo haijapewa jina."

"Bado."

"Na wewe unaitembeza uchi barabarani?"

Kwetu nyumbani mtoto asiye na jina hatolewi nje ovyo. Jina linatoka kwa waliotangulia, na mpaka mmoja wao alitoe lake, mtoto hufunikwa. Mama amezaa tisa na kuwafunika wote tisa, na hakuona kwa nini gari liwe tofauti. Akavunja matawi ya mti wa lusiola uani, akataka tufunike namba. Nikamwambia kufunika namba ni kesi. Tukabishana huku saa inakwenda, mwishowe tukapatana: tawi moja kila upande wa bampa, namba ibaki wazi. Nilijua vizuri tutaonekanaje. Huku kwetu gari lenye matawi mbele ni gari la matanga. Lakini ilikuwa saa kumi tayari, na mama ni mama.

Tulitokea barabara kuu karibu na Malaba. Malori yalikuwa yamejipanga mistari miwili, yamejaza lami yote, na kichwa cha foleni siwezi kukuambia kilianzia wapi. Pikipiki tu ndizo zilizopenya. Nyumba ya Nerima iko mbele kabisa, nyuma ya stesheni ya reli. Saa yangu ilisema kumi na moja na dakika kumi. Nikazima injini. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili, na hapo nikailaani ile tarakimu.

Dereva wa lori la mafuta lililokuwa mbele yetu, Mganda mnene, akashuka, akaangalia matawi, akavua kofia.

"Pole sana, ssebo. Nani ametutoka?"

Ningeweza kudanganya. "Bado," nikasema. "Ni dada wa mama. Ako hapo nyuma ya stesheni, karibu atutoke. Na gari yangu ni ya namba ya muda, mwisho saa kumi na mbili."

Akamtazama mama kwenye kiti. "Basi amkute hai," akasema. Akaligonga lori la mbele yake kwa kiganja, akamwambia dereva wake. Yule naye akashuka, akamwambia wa mbele.

Nikaanza kusikia injini zikiwaka, moja baada ya nyingine, mpaka mbali nisikoweza kuona. Malori ya tani thelathini yakaanza kujisogeza pembeni, magurudumu yakishuka kwenye matope, mengine kwa upana wa kiganja tu, na katikati ya barabara ikafunguka njia. Madereva walisimama milangoni, wa Kongo, wa Rwanda, wa Sudani Kusini, kofia mikononi. Hakuna aliyepiga honi. Niliendesha mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa nimewadharau watu hawa na kugombana nao miaka yote hiyo.

"Waone," mama akasema, akiwapungia mkono kama askofu. "Wanamsalimu mtoto."

Sikumsahihisha.

Tulifika dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili. Amongin alipoona matawi alianza kulia, nikamnyamazisha. Ndani, Nerima alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini macho yenyewe yalikuwa mazima.

"Umekuja na nini?" akamuuliza mama.

"Na gari ya huyu Oundo wangu. Haijapata jina bado."

Nerima akafikiri kidogo. "Msiharakishe," akasema. "Langu litakuwa wazi hizi siku."

Mama akamchapa mkono, kisha wakacheka wote wawili mpaka Nerima akakohoa. Nikawaambia saa imefika, kibali hakituruhusu kurudi Mundika leo.

"Nani alikuambia tunarudi?" mama akasema, na akavua viatu.

Nerima aliishi siku nne zaidi, mama akiwa ubavuni pake.

Wiki ya tatu Paulinus akanipigia. Alifungua zile namba za herufi nyekundu, akafunga za kweli kwa skrubu nne. Mpaka leo siwezi kuzitaja bila kuangalia. Nilipofika nazo nyumbani, mama alitoka na fimbo yake, akang'oa matawi makavu kwenye bampa, akaweka kiganja juu ya boneti yenye joto.

"Nerima," akasema, "twende kanisani."

Nikamfungulia mlango.