Masufuria Yameondoka, Mwiko Umebaki

Hapa Mtongwe, mtu akitaka kuoza mtoto wake alianza kwa Bi Mwanatabu. Si kwa ushauri, kwa masufuria. Alikuwa nayo yale makubwa ya shughuli, ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, ameyatia rangi nyekundu matakoni yasichanganyike na ya watu. Nawe ukija kuazima sharti uketi mkekani, unywe kahawa, useme anaolewa nani, na nani, na haraka yote hiyo ya nini. Habari za Likoni zilimfika yeye kabla ya kumfika kadhi.

Mwaka wa tisini na moja sufuria moja likamponyoka, likamwangukia mguuni. Mwanawe Boga akasema basi, imetosha. Masufuria yakaenda kwa jirani yetu Dhahabu, mwanamke wa makamo mwenye nguvu zake na ua mpana. Bibi aliyatoa yote. Mwiko tu, ule mrefu kama mpini wa jembe, aliubakisha nyuma ya mlango.

Mimi naishi mkabala naye, nikamwuliza, "Bibi, na huo?"

"Wataujia. Pilau haikorogwi kwa kidole."

Nikaelewa. Mwenye kuchukua masufuria atapita kwake kwa mwiko, na akipita ataketi.

Harusi ya kwanza ikawa ya binti wa Mzee Faki. Tangu asubuhi bibi hakutulia. Ametandika mkeka, ameutandua, ameutandika upande wa pili. Kahawa imepoa, kachemsha tena. Watu wanapita na magunia ya mchele, "Shikamoo bibi!", na hao, wamekwenda zao. Yeye "marahaba" huku shingo imetoka nje kama ya kobe.

"Ewe, hebu chungulia. Moshi umeanza?"

"Umeanza, bibi."

"Sasa wanakorogea nini?"

Jibu alikuja nalo Kafedha, ambaye mdomo wake hauna komeo. "Bibi, kuna kituko kwa Faki! Dhahabu kachukua kafi la mtumbwi wa mumewe, kalisugua kwa mchanga na ndimu, ndilo anakorogea pilau!"

"Kafi?"

"Wallahi. Na inakwenda vizuri."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Akashika mwiko, akajitupia kanga, akatoka na mguu wake mbovu, sisi nyuma. Njia nzima anasema peke yake: itanuka papa hiyo, wageni watatutapikia.

Tukamkuta Dhahabu jasho linamchuruzika. Bibi akachota punje kwa vidole, akatafuna. Haikunuka papa. Ilikuwa tamu.

"Boga alitukataza tusikusumbue, bibi," Dhahabu akasema.

"Boga ndiye nani?" Akamsukumia mwiko. "Shika. Na nisikuone ukiurudisha."

Dhahabu akaupokea kwa mikono miwili. Mikono ya bibi ikabaki haijui iende wapi. Ikashika kanga, ikaiacha, ikaishika tena.

Kwenye kivuli cha ukuta wanawake walikuwa wakikata vitunguu vya kachumbari, vichwa vimekaribiana. Walipomwona anawaelekea wakanyamaza ghafla.

"Sogeeni," akasema, akajishusha chini kwa kuguna. "Nipeni kisu. Enhe, mlikuwa mkimsema nani?"

Wakatazamana. Nyevu, ambaye hajajua kusema uongo mpaka leo, akainamia kitunguu chake.

"Wewe, bibi."

"Basi anzeni mwanzo," Bi Mwanatabu akasema. "Na msipunguze."