Vifuniko Kumi Kwenye Mkeka

...na sasa anatuonyesha mkebe mtupu wa sardini, ameutoboa kwa msumari na ameuinua juu kana kwamba ameuzaa yeye mwenyewe, Léontine huyu wa Buleusa, monitrice wetu, mwalimu wa akina mama hapa foyer, viatu vyeupe, kola imepigwa pasi, anasema, "Bamama, muangalie muzuri, hii haiombe franga, muko na mikebe ku nyumba, muko na vifuniko vya chupa, mutoto anatia kimoja-kimoja mu tundu, anahesabu, anapata akili," na Madame, Mzungu mkubwa wake, nyuma yake kwenye kiti anakubali kwa kichwa, daftari liko magotini, na mimi nataka kuuliza ni nyumba ya nani hiyo yenye mikebe, yangu au yake, mimi niliyeletwa huku Burungu kutoka Rwanda juu ya kamyo la mizigo, nimekumbatia kibuyu cha maziwa na mimba changa, sardini nimeonja mara moja tu, siku karani alipobatiza mtoto wake, lakini siulizi, nimeshika kipande cha katoni kilichotobolewa umbo la bata, napaswa kupitisha uzi mwekundu tundu kwa tundu mpaka bata aonekane, huu nao ni mchezo wa mtoto ila wanatufundisha sisi mama zao kwanza, na tangu nimekaa uzi umekataa kuingia tundu la pili, bata mwenyewe sijawahi kumfuga, na chini, miguuni pangu, Pétronille wangu amekaa kwenye mkeka, ana miaka minne, mikono ameibana katikati ya magoti, haongei. Ni siku ya nane leo haongei, na zamu yake inakuja. Sasa wako kwa mtoto wa Elisabeth, jirani yangu hapa kulia, mtoto mwenye jina refu kuliko miguu yake, Joséphine-Marie, vifuniko kumi vya chupa za bia vimepangwa mbele yake, moya, mbili, tatu, ine, tano... akifika hapo anakwama, anamwangalia mama yake, na Léontine anamwambia, "Anza tena, kamama, usiogope," anaanza tena, acha akwame, akwame mpaka jioni, kwa sababu akimaliza yeye ni wangu, na nafasi iliyobaki ni moja tu, Madame alisema mwenyewe, nafasi moja kule gardienne, darasa la wadogo linalofunguliwa misheni mwezi wa tisa, Pétronille ajaribu mara ya pili, akinyamaza jina linafutwa, na Semana baba yake atafurahi, yeye anauliza msichana akasome nini, anasema maziwa hayajali nani anajua kusoma, lakini mimi nataka, nataka mpaka meno yananiuma, nataka asome mwenyewe barua ikija, asije akakaa kwenye benchi la watu na miaka yake thelathini akifundishwa kucheza.

Kucheza, eti hatujui, eti mama wa huku anamfunga mtoto mgongoni kama mzigo wa kuni mpaka anaota meno, hivyo ndivyo Madame alivyosema siku ya kwanza, Léontine akatutafsiria huku macho yake yako chini, walau alikuwa na haya, na mimi nikasema ndiyo Madame, nikasema merci, ulimi wangu huu, wakati nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na boma zima limejengwa kwa vijiti, na kizibo chake cha miiba, na ndani ng'ombe wamejaa, ng'ombe wenyewe ni yale matunda ya manjano yanayoota kando ya njia, sisi tunayaita intobo, mabichi yana kijani, linaloanza kuiva lina mabaka, hilo ni Bugondo, lililochomwa na jua likawa jekundu ni Bihogo, jingine Gaju, jingine lililopauka ni Gitare, na walikuwa na ndama wao, na bwawa la kunywea la ukubwa wa kiganja, hatukununua hata uzi, na jioni mchezo wenyewe ulikuwa huu, mtoto anageuka, anafumba macho, mimi naficha mmoja ndani ya kitambaa changu, kisha anageuka na ninamuuliza nani hajarudi, na anajua, mara moja, hajawahi kukosea, anasema, "Ni Gaju, mama, Gaju amebaki ku mutoni," ndivyo hivyo Semana anavyofanya na ng'ombe wa kweli, anaegemea fimbo yake mlangoni mwa boma wanapoingia, anaangalia mara moja tu, na anataja aliyebaki malishoni, hahesabu, kwetu ng'ombe hahesabiwi, wala mtoto, unawajua kwa sura na majina, ukianza kuwanyooshea kidole, huyu wa kwanza, huyu wa pili, ni kama unamwambia kifo njoo uchague, Padri anasema huo ni upuuzi na mimi ni Mkristo, naye Padri hana ng'ombe. Halafu akaja Léontine kukagua usafi, akaona boma letu, akashika tunda kwa vidole viwili kama panya, "Mama, hii matunda iko na sumu, utupe yote, mutoto atakula atakufa," nani amle ng'ombe wake mwenyewe, nilitaka kumwambia hivyo nikanyamaza, hajui ng'ombe huyu, kwao Walikale ni msitu mtupu, watoto wa kwao wanasuka nyavu ndogo za kamba za mgomba na kuwinda kuku wa mama yao, alinieleza mwenyewe siku moja kisimani, ameweka ndoo chini, anacheka mpaka machozi, jinsi alivyomnasa jogoo wa katekista na kuchapwa, na siku ile nilimpenda kidogo, kesho yake akavaa viatu vyake vyeupe na nyavu akazisahau, sasa anatuletea mikebe.

"Mama Pétronille," ananinong'oneza Elisabeth, "uzi yako imetoka," na kweli umetoka, naurudisha, tundu la pili, Mama Pétronille, wote wananiita hivyo sasa, walikuwa wananiita Mama Généreuse kwa jina la mtoto wangu mkubwa, miaka saba mtu anaitika jina moja, halafu surua ikapita katika mvua kubwa na kumchukua, na wiki ile ile wanawake wote, bila kukaa kikao, wakahamia kwenye jina la mdogo, walifanya kwa wema, kila mtu alifanya kwa wema, Madame alifanya kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja kwenye daftari lake, nilimwona, na daftari lile nalichukia, nalichukia kwa sababu... moya, mbili, tatu... kwa sababu siku ya kujiandikisha aliuliza watoto wangapi, Léontine akatafsiri, "Mama, uko na batoto ngapi?" na wanawake wenzangu wakataja majina, kama inavyofaa, karani akahesabu mwenyewe, mimi peke yangu nilitaka nionekane nimeendelea, niliinua vidole, nikasema wawili, nikasema kwa Kifaransa, deux, na Madame akacheka kwa furaha akasema bravo, na miezi miwili haikupita kabla ya surua. Semana sijamwambia. Padri sijamwambia, ningemwambia nini, kwamba nilihesabu, angeniambia kila mtu anahesabu, surua ilichukua watoto wa milima yote hii na mama zao hawakusema deux, najua, najua hayo yote, na usiku na mchana vidole vyangu vinaniwasha.

Ine, tano... amekwama tena, Joséphine-Marie huyu, Mungu ampe mafua mazito akae kitandani, hapana, Mungu asinisikie, ni mtoto, Mungu naomba usinisikie, ni hasira tu, na nina haki ya kukasirika, mtu gani anamjaribu mtoto kwa vifungo, wiki iliyopita vilikuwa vifungo, vya rangi rangi, Madame alivipanga kwenye mkeka huu huu, akafunika kimoja kwa kikombe, akauliza vimebaki vingapi, Léontine akamtafsiria, "Pétronille, kumebaki ngapi?" na mtoto wangu akavitazama kwa muda mrefu, jinsi baba yake anavyotazama boma, akili yote iko machoni, mtu mwenye macho angeiona, kisha akajibu mambo ya kwetu, mambo ya ng'ombe ambaye hajarudi, na wanawake wakacheka, na Madame akaandika, na Léontine akasema taratibu, "Mama, mutoto yako hajue hesabu, iko nyuma kidogo," iko nyuma, mtoto anayejua ng'ombe wote wa baba yake kwa pembe, yuko nyuma ya nani, nyuma ya huyu anayekwama kwenye tano, na ningesimama nikaeleza, dakika moja ingetosha, Madame, kwetu tunacheza hivi, muulize nani hajarudi uone, ndimi mbili ninazo na Kifaransa cha kuhesabia, lakini nilicheka na wenzangu. Nilicheka, mkono mdomoni, nikamshika mtoto tukatoka, nikamkemea njiani. Nilimkemea tu. Tulipofika nikachukua ufagio nikafagia boma lote, ng'ombe, vijiti, bwawa, mpaka kwenye migomba, kwa sababu Léontine alisema ni sumu, na tangu hapo mtoto hasemi, haniombi hata maji, nani amemfunga mdomo huyu mtoto kama si wao, wao na vikombe vyao, wao na...

Nywele zake zimeshika jani, naliona, hapo juu ya sikio, jani dogo la nyasi kavu, na zamu yetu imekaribia, asiende mbele ya Madame na majani kichwani wakasema tena usafi, naacha bata kwenye paja, nanyoosha mkono nilitoe, na anainamisha kichwa. Haraka, mabega yamepanda mpaka masikioni, macho ameyafumba kabisa. Mkono wangu uko hewani, ni mkono wangu huu. Elisabeth ameona, amegeuza uso, anajifanya anaangalia vifuniko, asante Elisabeth, asante kwa wema wako. Sikumkemea njiani. Nilimpiga, pale kwenye kijito, kofi moja, mkono mzima, akakaa chini kwenye maji na hakulia, na nimekuwa nikijiambia siku zote hizi kwamba ni kwa aibu, kwamba alinitia aibu mbele ya watu kwa habari za ng'ombe, na uongo huo nimeuzoea mpaka nikaulalia, maana hakusema habari za ng'ombe. Hakutaja Gaju, hakutaja Bihogo. Madame aliinua kidole na kuuliza vimebaki vingapi, na mtoto akatazama vifungo, akatazama kikombe, na akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayejibu alichoulizwa, "Généreuse hajarudi." Hakukosea. Hajawahi kukosea. Na wengine walicheka kwa sababu walisikia mwisho tu, hajarudi, na hawakuelewa, lakini mimi nilielewa, nilielewa kuliko mtu yeyote chini ya bati hili, na nilicheka kwa nguvu kuwashinda ili jina lile lisisikike, jina ambalo halitajwi nyumbani kwetu, Semana halitaji, mimi silitaji, kitanda chake tulikichoma, gauni lake nilimpa mtu wa mbali, nilidhani tunamfichia mdogo uchungu, na kumbe kila jioni nilikuwa namfundisha kutafuta aliyekosekana na kumtaja kwa jina, kila jioni nilimuuliza nani hajarudi, na siku aliponiambia nilimpiga.

"...ine, tano, sita," na Elisabeth anapumua, na Léontine anasema, "Ehe, endelea," na mtoto anaruka mpaka nane, na Léontine anasema aanze tena, Madame anafunua ukurasa mwingine, jua liko pale pale dirishani, bata wangu ana tundu moja lenye uzi, na hasira bado ninayo, isidhaniwe imeisha, iko hapa kifuani inachemka, ila imegeuza uso, ilikuwa inawaangalia wao na sasa inaniangalia mimi, na sijui mtu anaiwekea nini hasira ya namna hii, ya kikombe na daftari nilijua pa kuiweka. Wakifika kwetu watauliza vingapi. Mtoto asipojibu, sitamfinya, sitamsukuma mgongoni, sitacheka, nafasi ikienda iende, nitalia baadaye, nafasi ile naitaka bado, Mungu anajua ninavyoitaka, lakini si kwa kinywa nilichokifunga mimi kwa mkono wangu. Mkono nimeushusha taratibu, nimeuweka juu ya mkeka karibu na mguu wake, kiganja juu, na sijamgusa, jani libaki kichwani, halimuumizi mtu, na yeye amefumbua jicho moja, anautazama mkono ule, hausogelei, na ana haki. "Nane tena, hapana, kamama, nyuma ya sita ni nini?" anauliza Léontine kule, na mimi nafungua mdomo, nalijaribu jina lile kwanza bila sauti, midomo tu, Géné... tangu mvua kubwa sijalitaja, ni jina nililompa mwenyewe mbele ya Padri nikiwa na kitambaa kipya, na sitangoja Pétronille alitaje tena ndipo nikubali, wala sitangoja tufike nyumbani. Nitalitaja mimi, hapa, mbele yao wote, na acha waandike wanachotaka.