Besi Fupi Iliyovishwa Soksi

Vumbi la mbao lilikuwa likielea mlangoni, jepesi, la dhahabu kwa jua la asubuhi, lilipopasuliwa katikati na mwanamke ambaye hakuna aliyemjua. Hakupiga hodi. Alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka, kama mama aliyembeba mtoto mwenye homa, na vumbi likamzunguka, likatua mabegani mwake, likamkaribisha kabla ya wenyeji.

"Ni gitaa la besi," alisema. "Nataka mnionyeshe ubovu wake."

Mjomba, fundi wa magitaa, hakuinua uso kwenye mbao aliyokuwa akiipiga msasa. "Huyu kaja na hukumu mkononi," alisema. "Msomi, mpokee mgeni."

Msomi alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake. Alimaliza chuo mwaka ule, na wenzake walipokwenda kutafuta ofisi yeye alikuja hapa, kujifunza kazi ya mbao na nyuzi. Mjomba alimwita hivyo kwa utani siku za kawaida na kwa fahari mbele ya wageni. Leo ilikuwa vigumu kujua.

Msomi alifungua shuka taratibu. Na kabla hajatazama vizuri, kabla hajasoma chochote, alichukua soksi nyeusi iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari, akaivisha kichwa cha besi, pale ambapo kiwanda huandika jina lake.

"Soksi ya nini tena?" mwanamke aliuliza.

"Ndivyo tunavyofanya hapa, dada. Jina likionekana, macho yananunua kabla masikio hayajasikia. Kila besi inayoingia humu inaingia kama yatima."

Ilikuwa besi fupi. Besi ya kawaida ina shingo ndefu, inataka mkono unaonyooka mpaka mwisho wake. Hii shingo yake ilikuwa imepunguzwa, na vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza, wanavyoviita freti, vilikuwa vimesogeleana kama watoto waliokaa benchi moja. Ilipakwa rangi ya samawati. Nyuma, karibu na ukingo, rangi ilikuwa imetiririka kidogo na kukaukia hapo, chozi moja la haraka ya kiwandani. Bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida, na haikujaribu kuificha.

"Ni ya mume wangu," mwanamke alisema. "Mchomeleaji. Geti lilimwangukia. Kiwiko cha kushoto kimepona, lakini kimebaki kimekunjika. Besi yake ndefu haifikii tena. Nikamnunulia hii, bila kumwambia. Alifurahi, mdogo wangu! Alifurahi kama mtoto. Halafu akaipiga."

Mjomba aliacha kupiga msasa.

"Haikukaa sawa. Anaikaza, inalegea. Anabonyeza, inatoa sauti ya mfu. Akaiegemeza nyuma ya kabati, akaniambia, mke wangu, besi yako haina kosa, mkono ndio umekufa. Tangu siku hiyo hata mluzi wa bafuni ameuacha." Alimtazama Msomi usoni. "Kwa hiyo niambie ni mbovu. Tafadhali. Hii ikiwa nzima, basi mume wangu ndiye..."



Msomi alihisi roho yake ikisogea upande mmoja, upande wa mwanamke, na akaivuta irudi katikati. Vifaa havibembelezwi kuwa vibovu. "Nitakuambia ukweli, dada, wowote utakaokuwa," alisema. "Na kama inatengenezeka, leo hii hii italia nyumbani kwenu. Nakuahidi."

"Mdomo huo," Mjomba alinong'ona, "siku moja utatuuza."

Msomi aliinua besi mpaka jichoni, akaitazama shingo kwa urefu wake, kama mtu anayetazama barabara kuona inapinda wapi. Haikupinda. Ilikuwa na ule mteremko mdogo tu wa katikati, ule unaotakiwa. Nzima, alisema moyoni.

Alichukua kitambaa laini cha pamba, akakipitisha kwenye kingo za shingo, juu na chini, kwa sababu kwenye besi za bei hii ndipo freti huachwa na makali, na vidole vya mpigaji hulipa. Kitambaa kiliteleza. Hakikushika mahali. Nzima.

Alijaribu kuingiza kipande cha karatasi pale shingo inapokutana na mwili. Karatasi ilikataa. Mbao mbili zilikuwa zimeshikana kama ndugu waliopatana. Nzima, alisema, safari hii kwa sauti, na akamwona mwanamke akishika ukingo wa meza.

Alitikisa daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi kwa chini. Kimya. Alishika vishikio vya funguo za kukazia nyuzi, vilivyotokeza kwenye matundu ya soksi, kimoja kimoja. Kimoja kilicheza, akakikaza skrubu yake, kikatulia. Alifungua mfuniko wa nyuma, akatazama waya. Ulehemu ulikuwa mnene, wa mtu aliyekuwa akiwaza chakula cha mchana, lakini ulishika. Alichomeka kwenye spika, akazungusha kitufe cha sauti. Kilikwaruza kidogo, akakipulizia dawa ya kusafishia, kikaacha.

Ajabu ya kazi ile! Kwa kawaida kila kilicho kizima humpa fundi furaha. Leo kila kilicho kizima kilimwongezea mtu msiba. Msomi alisema nzima kama anayeomba radhi, na mwanamke alipokea nzima kama anayepokea majibu ya hospitali.

Kisha akapiga uzi mnene.

Ulilia kama mlango wa kabati. Ulianza chini, ukayumba, ukafa. Aliukaza, ukapanda. Aliupiga tena, ukashuka.

"Umesikia!" mwanamke aliruka. "Ndiyo hiyo! Hiyo hiyo!"

"Nimesikia, dada. Sijajua inatoka wapi."

Alirudi mwanzo. Shingo, kingo, maungio, daraja, waya, sumaku zinazonasa sauti. Alirudia kila kitu mpaka jasho likamtoka kwenye kope, na kila kitu kilimjibu vilevile. Alianza kuogopa. Labda ni mbao yenyewe, labda ndani kuna ufa usioonekana. Na kama ni ufa, atamwambia nini mtu aliyeahidiwa leo hii hii?

"Umetazama kila mahali?" Mjomba aliuliza.

"Kila mahali, Mjomba."

Alichoka, akaegemeza kiganja kwenye kichwa cha besi kama mtu anavyomshika rafiki begani. Na chini ya soksi, kiganja kikakutana na kitu. Uvimbe. Fundo nene, gumu, mahali panapotakiwa kuwa pembamba.

Wakatazamana, mjomba na mpwa. Kisha Mjomba akafumba macho, akajipiga paji la uso kwa kiganja chenye vumbi.

"Soksi yangu," alisema. "Miaka yote hii najisifia soksi yangu."

Msomi aliivua. Hakutazama jina. Uzi ule mnene ulikuwa umezungushwa kwenye ufunguo wake kwa unene wake wote, umevunjwa shingo mara mbili, na yale mazungushio yake ya nje yalikuwa yamefumuka kama mkeka mkuukuu.

"Nyuzi hizi zilikuja na besi?"

"Hapana. Zilizokuja nayo alizitoa, akazitupa. Akatia za besi yake ya zamani, ile ndefu. Amezipigia tangu kabla hajanioa." Mwanamke alisita. "Alisema zinamjua."

Msomi alicheka, na kicheko kilitoka na machozi, ndivyo alivyo. "Dada, njoo uone. Uzi mnene hutengenezwa uwe mwembamba mwishoni, ili ule wembamba ndio uzungushwe hapa. Huu ulipimiwa besi ndefu. Kwenye fupi, sehemu nyembamba inakatwa yote, unabaki unene tupu. Unene haushiki. Unateleza, unavunjika ndani, unakufa. Besi ni nzima, na nyuzi hizi, mikono yangu miwili minyoofu isingezifanya ziimbe."

"Basi mkono wake..."

"Mkono wake haujawahi kujaribiwa."

Mwanamke alikaa. Hapakuwa na kiti, alikaa juu ya kreti la vipande vya mbao, na pumzi aliyoishusha ilikuwa ndefu kuliko yeye. Mjomba alimletea maji, naye akanywa, akacheka, akapaliwa, akapigwapigwa mgongoni na mtu asiyemjua, na hakuna aliyeona haya.

"Nyuzi fupi zimekwisha," Mjomba alisema baadaye, polepole. "Za kuagiza ni mpaka mwezi ujao."

Zilikuwepo mahali pamoja tu. Msomi aliingia chumba cha ndani, akachukua besi yake mwenyewe, fupi pia, kwa kuwa ana vidole vifupi. Jana tu alikuwa ameitia nyuzi mpya. Jumamosi kundi lake lingepanda jukwaani kwa mara ya kwanza, na yeye pamoja nalo. Alilegeza ufunguo wa kwanza. Uzi ulitoa mlio mdogo wa kushuka. Akalegeza wa pili.

"Na Jumamosi?" Mjomba aliuliza mlangoni.

"Jumamosi nitapiga makofi, Mjomba."

Mjomba alichukua shuka, akaikung'uta nje, akaikunja vizuri kuliko ilivyokuja.

Alasiri mwanamke na Msomi walimkuta mchomeleaji sebuleni kwake, mpana, mpole, kiwiko kimelala tumboni kama kitu cha kuazima. Alipoona besi alitikisa kichwa. "Mama watoto, tulishamaliza hili."

"Piga," mkewe alisema. "Piga, halafu ndipo tumalize."

Alipiga ili amridhishe. Kiwiko hakikuhitaji kunyooka. Vidole vilitembea mpaka freti ya kwanza vikiwa karibu na kifua, vikafika, vikabonyeza, na sauti ikatoka nzito, ya mviringo, ikakaa pale ilipowekwa. Alishtuka, akautazama mkono wake. Akapiga tena. Sakafu iliipokea, kioo cha dirisha kikatetemeka, na vumbi la chuma lililokuwa limelala dirishani tangu alipoacha kazi likaamka, chembe kwa chembe, likapanda kwenye mwanga.

"Mkono huu..." alisema. Mkewe aligeukia ukuta.

Mchomeleaji alipiga wimbo wa ujana wake, kwa makosa, kwa haraka, bila kusimama. Kisha akainua uso kwa Msomi. "Binti, nyuzi hizi ni tamu. Nasikia Jumamosi kuna vijana wanapiga. Na wewe upo?"

"Nipo, shemeji," alisema Msomi. "Mstari wa mbele kabisa. Endelea."