Kumi na Wanne Chini ya Goli

…kumi na wanne, hata Gretchen msimamizi wa kura akihesabu kwa kidole mpaka kesho ni kumi na wanne, na wanaotakiwa ni kumi na watano, la sivyo kona yao inavunjwa na mgombea wao, yule mama gavana, hapati kitu katika mtaa huu, sijui nani kasema mgombea wa chama wa urais wa Amerika achaguliwe kwa watu kusimama pembeni mwa ukumbi wa shule, Lavonne anawaza, mgongo ukutani chini ya goli la mpira wa kikapu, theluji ya buti zake ikiyeyukia sakafuni, dakika za kuhama kundi zimeshaanza, na kule ng'ambo, kwenye kundi kubwa la seneta, yuko Merle, mume wake wa miaka arobaini na moja, amemshikia kiti, "Vonnie, njoo huku mama, magoti yatakuuma," na magoti yanauma kweli, hilo ndilo baya la Merle, hakosei… kila miaka minne wamekuja pamoja na kusimama kona moja, kona ya Merle, na yule mgombea wao wa mara iliyopita alipojitoa mbioni wiki moja baadaye Merle akasema tulikosea kuchagua, eti tulikosea, wakati Lavonne jioni ile alikuwa anawaza viazi alivyoacha kwenye oveni… "Shemeji, huyo mama yenu mwisho wake umakamu wa rais tu," Arlo wa jirani anamtania kutoka kwa kina Merle, "atakuwa anatumwa mazishi ya wafalme," ukumbi unacheka, Lavonne naye anacheka, lakini kicheko kinamwishia njiani, makamu, mtu wa kusimama hatua moja nyuma akitabasamu, kazi hiyo anaijua, ameifanya bila hata kupigiwa kura, na si kwamba ameteseka, Merle humwashia gari kila asubuhi ya baridi, anampenda, anampenda hata na kofia ile ya kampuni ya mbegu, ila gavana alipopita mjini mwezi wa kumi alimshika mkono akamuuliza, "Wewe unaonaje?" na Lavonne hajazoea kuulizwa, jibu likamjia garini tu akirudi, akalisema peke yake, kwa sauti, maili kumi na mbili nzima… "Zimebaki dakika tisa," Gretchen anatangaza, hamtazami mtu, na ndipo Lavonne anaona mguu wake wa kulia umeshaondoka ukutani, umeanza safari bila kumuuliza, kama kawaida yake, na akienda watabaki kumi na watatu, yule mwalimu mjamzito, wale mapacha wanaofuga ng'ombe wa maziwa, wote warudi nyumbani bure… anaurudisha mguu. Anafungua kopo alilolikumbatia kifuani tangu aingie, biskuti za siagi ya karanga, kila kundi huja na kitu cha kuwavutia wenzao, na hizi, sasa ndipo anakiri, hakuwaokea watu wote, alimwokea mmoja, azipendaye. "Merle," anasema, bila kupaza sauti, "njoo wewe. Na hicho kiti njoo nacho."

Merle anatazama kopo. Bado ni kumi na wanne.