Kitunguu cha Rigobert

Emérance alikuwa na mkono ambao watu wa ghalani waliusifu hata akiwa hayupo. Wenzake walivigeuzageuza vitunguu vya maua ya tulipu chini ya taa, wakavikwaruza kwa kucha, wakaulizana. Yeye alivishika tu. Kigumu, kizito kuliko kinavyoonekana: kikasha cha kushoto. Kilicholegea kitako, chenye ukungu, au chepesi mpaka udhani ni ganda tupu: pipa la taka. Ganda la nje likichanika hakujali, maana lile ni nguo tu, na nani alikufa kwa kuchanika nguo? Msimu mzima wa mwaka 2016, katika ghala lile la mbegu na maua nje kidogo ya Champlin, Minnesota, hakurudishiwa hata kikasha kimoja.

"Huyu mama ni scanner," alisema Nkatha, Mkenya aliyesimama naye meza moja. "Mimi naangalia bulb moja dakika mbili, yeye ashamaliza box."

Emérance alicheka, lakini hakukanusha. Alikuwa na majivuno yake, na majivuno hayo ndiyo yaliyomwingiza besimenti, chini ya nyumba yake.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mkono wake haukuweza kulijua. Mumewe, Rigobert, alitoka nyumbani asubuhi moja ya mwaka 2008, siku kijiji chao cha Kivu kilipovamiwa, akiwa amemshika mkono binti yao Merveille, mtoto wa miaka saba. Jioni Merveille alirudi peke yake, amelowa hadi kifuani. Alisema walipotezana kwenye kinamasi. Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Emérance alimngoja mumewe kijijini, akamngoja kambini, akaja kumngoja Minnesota, kwenye nyumba ya kupanga karibu na mto, na mezani Jumapili aliweka sahani tatu.

Yves, mdogo wake Rigobert, aliishi Roseville, na alikuwa amechoka na ile sahani ya tatu. Jumapili moja ya Novemba alikaa mbele yake bila kuvua koti.

"Mama Merveille, sasa ni miaka mnane. Bon, tufanye matanga. Tumulilie, tumuombee, tumalize. Na wewe upumuzike."

"Uliona maiti?"

"Hapana."

"Na mimi sikuiona. Sasa utalilia nini?"

"Donc tutangoja mpaka lini?"

"Teluji ikiyeyuka nitakupa jibu."

Merveille, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tano, alikuwa akiosha vyombo. Alifunga bomba, akasema, "Can I go?" Akaondoka kabla hajaruhusiwa. Mama yake alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiingereza, ndivyo walivyoishi. Mashi, lugha ya nyumbani kwao, mtoto alidai ameisahau kabisa.

Emérance hakuyasema hovyo yale ya theluji. Wiki ile ghala lilikuwa limewagawia wafanyakazi vitunguu vilivyobaki, na ardhi ilikuwa imeshaganda, hakuna jembe lingeingia. Nkatha alimwelekeza namna ya kuvitunza mpaka avipande kwenye vyungu. "Usiweke kwa plastic, zitaoza. Paper bag, na sawdust imekauka. Mahali kuna baridi lakini hapa-freeze. Na usiweke karibu na apples, mama. Hiyo hewa ya apple inaua ua likiwa bado huko ndani."

Akavipeleka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba chenye sakafu ya saruji na mlango wake mdogo wa kutokea uani. Alivichagua thelathini, vyote vizima. Kisha akatenga vitatu, akafanya lile ambalo mama yake alilifanya kila mwaka kwa viazi vya mbegu.

Mama yake, mtu akiwa mbali na habari zake hazijulikani, aliweka kiazi kimoja kwa jina lake juu ya dari ya jikoni. Wakati wa kupanda alikishika. Kikiwa kizito, mtu yu hai. Kikiwa chepesi, walianza kulia, na barua ilikuja baadaye kuthibitisha. Lakini kulikuwa na sharti: aliyepotea hawekwi peke yake. Lazima awekwe katikati ya watu wa nyumba yake. "Ukimuacha peke yake," alisema mama, "atatafuta mwenzake."

Basi Emérance alifunga kitunguu kimoja kwa ukanda wa shati la buluu, kipande pekee cha nguo ya Rigobert alichovuka nacho mpaka. Hicho kilikuwa cha Rigobert. Kingine akakifunga uzi mwekundu wa sweta la Merveille, kingine ukanda wa kitenge chake mwenyewe. Akavilaza pamoja ndani ya vumbi la mbao, cha buluu katikati.

Kila Jumamosi mchana, nguo zikiwa kwenye mashine, alivishika. Wiki tatu mambo yalikuwa shwari. Jumamosi ya kwanza ya Desemba mkono wake ulipofika kwenye shati la buluu, ukasita.

Kilikuwa chepesi. Akakitikisa karibu na sikio. Kitu kikavu kikagonga ndani. Akavishika vile vingine, thelathini vyote kasoro kimoja: vizima, vigumu. Alivichagua kwa mkono ule ule, siku ile ile, vikakaa kwenye mfuko ule ule. Hiki tu ndicho kilichokauka, kana kwamba kimenyonywa.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti, akiamini mashine inamfunika. Aliita jina la Rigobert, tena na tena. Aliponyanyua uso aliona miguu ya Merveille kwenye ngazi, soksi tupu, imesimama tu. Ilirudi juu.

Jumamosi iliyofuata alishuka akiwa amepiga moyo konde. Akakishika cha buluu, nusura akidondoshe. Kilikuwa kizito. Si kizito tu, kilikuwa na joto, kama yai lililotagwa sasa hivi, katika chumba ambacho pumzi yake mwenyewe ilionekana.

"Rigobert," alisema, na furaha ikampanda mpaka akacheka peke yake kama mwehu. Kisha, kwa mazoea tu, akashika cha pili. Cha uzi mwekundu. Cha Merveille.

Kitu kikavu kikagonga ndani yake.

Alivirudisha kwenye mfuko taratibu sana, akapanda ngazi kinyumenyume, asivipe mgongo.

Kuanzia siku ile alianza kumtazama mtoto, na alichokiona kilimtisha. Merveille alikuwa anakula vijiko viwili na kusukuma sahani. Alivaa koti ndani ya nyumba, na ukimgusa vidole vilikuwa vya baridi. Lini alianza kukonda hivi? Emérance hakujua, na kutojua kulimuuma. Alimuuliza kama anaumwa. "I'm fine," alijibu mtoto, akitazama sakafu.

Januari ikaja na baridi ya kupasua midomo. Alhamisi moja Emérance alitolewa kazini mapema, akafika nyumbani saa tisa. Merveille alikuwa bado shuleni, au ndivyo alivyodhani. Aliweka chai jikoni. Ndipo akasikia, chini ya miguu yake, mtu akinong'ona.

Mnong'ono hauna sauti ya kiume wala ya kike. Ulipanda kupitia mbao za sakafu, ukanyamaza, ukaendelea, kama wa mtu anayesimulia jambo refu na kupumzika. Hakushika maneno yote. Lakini lugha aliitambua mara moja. Ilikuwa Mashi. Katika nyumba ile aliyebaki na Mashi ni yeye peke yake, na aliyezoea kumsemesha kwa lugha hiyo ni mumewe.

Alipofungua mlango wa ngazi, sauti ilikatika. Chini hapakuwa na mtu. Mlango mdogo wa uani ulikuwa haujakazwa, na ubaridi uliingia kwenye ufa. Hakuangalia nje. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko: cha buluu kilikuwa na joto, kizito kushinda juzi. Cha Merveille kilikuwa karibu hakina uzito kabisa.

Kesho yake alimwambia Nkatha, kwa kuzungukazunguka, kwamba ana kitunguu kilichokauka katikati ya vizima.

"Labda kulikuwa na mdudu ndani. Ama ulichagua vibaya, inawezekana."

"Mimi?" alisema Emérance, akavuta kikasha kingine.

Kwa maana alikuwa na jibu lake tayari, na lilimkaa kifuani kama donge la ugali. Rigobert alikuwa ametafuta mwenzake, hata baada ya kuwekwa katikati ya watu wake. Alikuwa anarudi, ndiyo, kile alichokiomba kwa machozi miaka minane kilikuwa kinakuja. Lakini kilikuja kwa kunywa uhai wa mtoto. Kila alipomtaja na kusema mngoje baba yako, alikuwa anamfungulia mlango. Angeweza kuwa na mmoja tu. Na mke gani huambiwa achague mume au mtoto? Alimkasirikia Mungu, akamkasirikia Yves, akamkasirikia Rigobert mwenyewe, kwa nini hakubaki alipokuwa.

Jumamosi ya pili ya Februari Merveille alishindwa kuamka kitandani. Hakuwa na homa. Alikuwa amejikunja tu, macho wazi, akitazama ukuta. Emérance alisimama mlangoni dakika nzima. Kisha akaenda jikoni, akachukua kisu, akashuka.

Alikitoa kitunguu cha buluu, akakiweka juu ya ndoo. Kizuri, kigumu, kinang'aa, kitunguu ambacho ghalani angekionyesha watu. Machozi yalimtiririka, akakaza kisu mkononi.

"Rigobert," alisema kwa Mashi, "nilikupenda, unajua. Nimekungojea kuliko wanawake wote wa kwetu. Lakini huyu hapana. Huyu mwache. Nenda."

Akakandamiza kisu. Maganda mawili yalikatika, maji meupe yakatoka.

"Mama, usikate! Ni yangu!"

Merveille alikuwa kwenye ngazi, miguu mitupu. Na hakuwa amesema Kiingereza, wala Kiswahili. Alikuwa amesema Mashi, safi kabisa, ile ya mtoto wa miaka saba.

Alishuka mbio akaupiga mkono wa mama yake, kisu kikaanguka sarujini. "Hiyo ni yangu. Ya Papa ndiyo ile iliyokauka. Nilikuona unalia siku ile, umeshika kile cha shati la Papa. Nikabadilisha kitambaa na uzi. Nilimpa yangu."

Emérance hakuelewa, kisha akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuja vipande vipande. "Joto," alisema. "Ilikuwa na joto."

"Nilikuwa naishika. Nikitoka shule, kabla hujarudi, na Jumamosi kabla hujashuka. Niliishika na kumuomba Papa msamaha." Mtoto alikichukua kitunguu kutoka kwenye ndoo. "Kwa sababu mimi najua, Mama. Hatukupotezana. Wale waliovamia kijiji walimpiga akafa ndani ya maji. Alinisukuma kwenye matete, akaniambia nisitoke, nisipige kelele, hata nikiona nini. Nikaona. Sikupiga kelele. Nilikaa naye mpaka jua likaanza kushuka, halafu nikaja nyumbani. Na wewe ukauliza yuko wapi, ukiwa umeshapakua chakula chake."

Mashine ya nguo, aliyokuwa ameiwasha asubuhi, ilimaliza kuzunguka.

Emérance aliangalia mkono wake wa kulia, mkono uliosifiwa na ghala zima. Miezi mitatu ulikuwa ukipapasa vitunguu gizani kutafuta nani yu hai. Hakukumbuka ni lini ulimshika mtoto huyu kwa zaidi ya kumpima homa. Dakika moja iliyopita ulikuwa na kisu. Alipiga magoti, akamvuta Merveille, akamshika kisogoni, mgongoni, mabegani, kila mahali. Mtoto alikuwa mifupa na joto, mzito kwa kilio, na alilia shingoni mwa mama yake kwa sauti ambayo alikatazwa kuitoa siku ile.

Kwa nini kitunguu cha Rigobert kilikauka peke yake katikati ya thelathini, hakuna aliyejua, na Emérance hakumuuliza tena Nkatha.

Jua lilikuwa bado juu alipompigia Yves simu. Merveille alikuwa amelala kwenye kochi, amefunikwa blanketi mbili, mkono wake mmoja ndani ya mkono wa mama.

"Njooni leo," alisema Emérance. "Wewe, madame wako, na watu wa chorale ya kanisa. Matanga yameanza."

Yves aliuliza, "Umepata habari?"

"Habari ilikuwa humu ndani." Alilivuta blanketi juu ya bega la mtoto. "Yves, unisikilize vizuri. Mukiingia, musinipe mimi pole kwanza. Mupe mtoto. Alikaa matanga ya baba yake miaka mnane, peke yake, na mimi nilikuwa ninamupakulia huyo baba chakula."