Sauti ya Bibi Chammo

Bomba lilikohoa gizani. Likakohoa tena, kikohozi kikavu, kama mzee anayetaka kusema neno na neno halimfikii, kisha likanyamaza. Kausar alikuwa macho tayari. Mtaa mzima ule wa wafumaji, pale Faisalabad, uliamshwa na kikohozi hicho. Maji ya jiji yalikuja kabla ya adhana ya alfajiri, yakakaa kidogo, yakaenda zake, na aliyelala aliamka akanawa kwa mate yake.

Zamani alikuwa akiketi kitandani na kuita, kwa ile sauti yake nyembamba inayopanda mwishoni kama tiara iliyopata upepo: "Maji yamekujaaa! Amkeni, maji yamekuja!" Hata majirani wa ukuta wa pili waliamka kwa sauti hiyo. Siku hizi alishuka kitandani kimya. Ndara alizishika mkononi zisije zikaburuza sakafuni. Ndani ya ndoo alitandika kitambaa ili matone ya kwanza yasilie. Mtoto wake, Mehru, alimfuata akipikicha macho, na Kausar akainama mbele yake, akayaumba maneno yaleyale kwa midomo mitupu, bila sauti. Maji yamekuja. Mehru aliitazama midomo, akatabasamu.

Walikaa hivyo kwa sababu kila sauti iliyotoka kwa Kausar ndani ya nyumba ile, mumewe aliichukua.

Mumewe, Sajawal, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Jioni alivaa gauni la maua na mtandio wa kijani, akajipaka masizi kwenye nyusi, akawa Bibi Chammo, na Bibi Chammo alikuwa Kausar mtupu. Kuburuza ndara ni kwake. Kujifuta pua kwa ncha ya mtandio ni kwake. Kuanza kila lalamiko kwa "Mimi sisemi kitu, lakini…" kisha kusema mpaka chai ikaota utando, hilo nalo ni lake. Katika michezo ile hakuna anayewaandikia maneno. Mwongozaji huwapa waigizaji kisa kwa mdomo, nani kamwoa nani, nani kaiba jogoo wa nani, na mengine kila mtu huja nayo kutoka anakojua mwenyewe. Sajawal alikuja nayo kutoka jikoni.

Wake za wachekeshaji hawakanyagi kumbi zile. Huambiwa si mahali pa watu wenye heshima zao, ingawa unga wa nyumbani unatoka humohumo. Ndiyo maana Kausar aliishi na Bibi Chammo muda mrefu bila kumjua, mpaka Parvin, jirani yake, alipomletea simu.

"Dada Kausar, njoo umwone mumeo. Wallahi amekutoa kama muhuri."

Parvin alicheka hadi akashika ukuta. Kausar naye alicheka, maana ni adabu kucheka na mgeni, kisha akaingia jikoni akamenya vitunguu asivyovihitaji. Tangu siku hiyo akawa anayapunguza maneno yake kama mtu aliyekatazwa chumvi. Alianza na malalamiko. Zikafuata habari za sokoni, kisha nyimbo. Mwishowe alibaki na "ndiyo", "hapana" na "chakula tayari", na hicho "chakula tayari" alikisema akitazama pembeni.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mehru alitimiza miaka minne akiwa hajawahi kusema sentensi. Alikuwa mtoto wa kupendeza, nywele zimemviringika masikioni, mashavu yake yananukia maziwa. Akitaka kitu alikuonyesha kwa kidole, au alikuvuta mtandio. Daktari alipiga kengele nyuma ya kisogo chake, naye akageuka upesi.

"Masikio mazima. Ulimi mzima," daktari alisema. "Mama Mehru, kwani nyumbani mnamwongelesha?"

Kausar aliitazama sakafu.

"Mwongeleshe. Hata kama unachambua dengu, mwambie hizi ni dengu. Mtoto haokoti maneno barabarani."

Basi mchana, Sajawal akiwa amelala, Kausar alimbeba mwanawe hadi juu ya paa, katikati ya shuka zilizoanikwa, akamnong'oneza. Hii kamba. Hili joto. Yule pale Parvin, anatuangalia anajifanya haangalii. Siku moja njiwa alitua ukingoni, akatembea kifua mbele, na Mehru akacheka kwa sauti, kicheko kizima kutoka tumboni. Kwa furaha Kausar akajisahau.

"Mimi sisemi kitu," alisema kwa nguvu, na sauti yake ikapanda kama zamani, "lakini njiwa huyu anatembea kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko."

Mehru alikunja midomo, akakaribia kutamka kitu. Chini kwenye ngazi ubao ulilia. Mtoto aligeuka kutazama, na kile alichotaka kukitamka kikapotea.

Kesho yake Parvin alikuja na simu. Bibi Chammo alikuwa juu ya paa, anagombana na njiwa. Ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko.

Kausar alingoja mpaka chakula cha mchana. Sajawal alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililomtatiza. Angekuwa mkali, Kausar angemchukia, yakaisha. Sajawal aliimega chapati, akamlisha Mehru kipande chenye siagi nyingi, ndipo akala chake.

"Baba Mehru, yale ya jana yalikuwa ya mtoto."

"Yapi?"

"Ya njiwa. Alikuwa anataka kusema. Ulipokanyaga ngazi akanyamaza."

Sajawal aliacha kutafuna. "Sikujua."

"Muue Chammo. Mpe talaka, mpeleke Makka, akafie huko akiwa safi. Utafute mwingine."

"Unadhani sijajaribu?" Alisema polepole, akifuta vidole. "Kipupwe kile nilipokuambia nina mafua. Sikuwa na mafua. Niliingia nimevaa shati langu, kwa jina langu, na vichekesho vyangu mwenyewe. Walinirushia maganda ya karanga. Mmoja akapiga kelele, 'Kijana, tuitie shangazi yako.' Kausar, nilisimama pale nikatafuta mtu ndani yangu wa kuwachekesha, sikumkuta. Mimi bila yeye ni msumari usiotundikwa kitu."

Kausar alisikitika kumwona hivyo. Hata hivyo aliendelea, maana mtoto alikuwa amekaa katikati yao, anatazama mdomo huu na mdomo ule.

"Marehemu baba yako alichekesha harusini maisha yake yote. Alikuwa anamcheka nani?"

"Bwana harusi. Wenye mashamba. Mwenye sherehe mwenyewe."

"Wakiwa wapi?"

"Wamekaa mbele yake." Sajawal alitabasamu kidogo, kwa kumbukumbu. "Alikuwa akisema, anayechekwa awepo, ajibu akitaka."

"Basi."

Sajawal aliinuka, akachukua begi la nguo za Bibi Chammo. Mlangoni akageuka, akasema kwa mzaha, kwa kuwa mzaha ndiyo njia pekee aliyoijua ya kutoka chumbani. "Njoo ujibu, basi."

Kausar alienda. Alimwacha Mehru kwa Parvin, akasema anakwenda kwa fundi cherehani, akajifunika shela nyeusi, akakodi bajaji. Bawabu alimweka safu za nyuma, walikoketi wanawake wachache na waume zao. Hewa ilinukia karanga na marashi ya bei rahisi. Hata kabla pazia halijafunguka wanaume walikuwa wanaita kwa pamoja, "Maji yamekuja! Maji yamekuja!" Wengine walipandisha mwisho. Kausar alishika kiti.

Bibi Chammo aliingia akiburuza ndara.

Kausar alikuwa amejiandaa kuona mwanamke wa kudharauliwa. Laiti angekuwa wa kudharauliwa. Bibi Chammo alikuwa mchangamfu, ana ulimi wa moto, haogopi mtu. Gama, mwigizaji mmoja mnene, aliingia na kofia ya shirika la umeme.

"Bibi, nimekuja kusoma mita."

"Soma, mwanangu, soma. Shule ilikushinda, labda mita utaiweza. Mimi sisemi kitu, lakini tumbo limefika tangu adhuhuri, wewe mwenyewe umechelewa wapi?"

Wakacheka, na Kausar mwenyewe akahisi kicheko kikimpanda. Ndivyo angejibu. Zamani, ndivyo hasa angejibu. Kisha Bibi Chammo akamchukua mwanasesere wa matambara, akamweka begani, akaanza kumwimbia wimbo wa kumlaza, ule wa mwezi uliodondoka kwenye ndoo, ambao Kausar aliutunga mwenyewe Mehru alipokuwa na siku chache tu. Ukumbi ulitulia. Wanaume wenye pamba ya kiwandani nywelini walisikiliza wimbo wa mwanawe. Mwanawe mwenyewe alikuwa hajausikia tangu alipojua kutambaa.

Kausar alisimama.

"Mimi sisemi kitu," alisema, na sauti ilitoka na kutu, haikuwa imetumika, "lakini huyo mnayemcheka yuko hapa. Ni mimi. Na wimbo huo una mwenyewe."

Vichwa viligeuka. Mwanamke aliyekaa kando yake, mnene, mwenye bangili hadi kwenye kiwiko, alimvuta shela kwa upole.

"Kaa, mdogo wangu. Wamejaribu wengi. Hujaipata. Bibi Chammo hupandisha mwisho, wewe unashusha."

"Hajaiweza huyo!" mwanamume alisema kutoka mbele, akicheka. "Mwacheni Chammo mwenyewe aseme."

Jukwaani mkono wa Sajawal ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa mwanasesere. Chini ya masizi Kausar alimwona mumewe, kwa muda wa kupepesa jicho. Lakini kwenye jukwaa lile anayerushiwa neno asirudishe, kesho hana kazi, na wote ukumbini walikuwa wanangoja.

Bibi Chammo aliweka mkono kiunoni.

"Dada, ukitaka kuniiga, anza na vyombo. Viko jikoni tangu asubuhi."

Ukumbi ulipasuka. Kausar alitoka akipita kwenye magoti ya watu, wakimpigia makofi, kwa wema kabisa, kama anavyopigiwa mtu aliyejaribu akashindwa.

Alipofika alimchukua Mehru kwa Parvin akiwa usingizini. "Fundi kasemaje?" Parvin aliuliza. Kausar alitikisa kichwa tu, akaingia kwake, akalala na nguo alizokuwa nazo.

Sajawal alirudi akaketi ukingoni mwa kitanda, nyusi bado nyeusi. 

"Nilikujua kwa neno la kwanza," alisema. "Kabla hujafika la pili nilikuwa nimekujua."

Kausar alivuta shuka hadi kidevuni.

"Pale ukikaa kimya umekufa, unajua. Nilisema lililokuja. Nisamehe." Alishusha pumzi. Halafu, kwa mshangao wa kweli, kama anayejisemea, "Wakasema hujaiweza. Wewe."

Alilala chali. Katika mwanga mdogo wa taa ya barabarani Kausar aliona midomo yake ikicheza bila sauti. Aliijua michezo ile ya midomo. Alikuwa anajaribu maneno. Mwanamke anaingia ukumbini, anadai yeye ndiye Chammo. Hivi? Hapana, vile. Hata aibu ile ilikuwa imeshavaa gauni la maua na kupata zamu yake ya kesho.

Ndipo moyo wa Kausar ulipoketi chini. Hatapanda tena kwenye paa. Hatanong'ona. Atampa mwanawe chakula, atamsuka nywele, atamkumbatia, na maneno atayaacha yamlale kifuani yafe huko, kwani kilichokufa hakiibwi. Alimwangalia Mehru, mkono wake mdogo umefumbata ncha ya mtandio. Akamwomba radhi, na hilo pia bila kulitamka.

Bomba lilikohoa.

Hakuinuka. Likakohoa tena, kisha likaanza kutiririka, maji yakipiga sakafu tupu ya simenti, na ndoo iko kando. Kausar alifumba macho. Yaje, yaende.

Mehru aliamka. Alitambaa juu ya mama yake, akamvuta mtandio kama kawaida, akaonyesha kidole kwenye giza la ua. Mama hakusogea. Akavuta tena. Akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akamgeuza uso, akaitazama midomo, akangoja ifanye yale inayofanya kila alfajiri. Midomo haikufanya kitu.

Kule upande wa pili wa kitanda, Sajawal aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Maji yamekuja," Mehru alisema.