Kidole cha Mama kwenye Kitufe

Elia alikuwa na meza ya kutengeneza simu sokoni Mwanga, mjini, nje ya kambi yetu ya wakimbizi. Alikuwa ametunga programu ya kutafutia ndugu waliopotezana wakati tunakimbia Burundi. Mtu anaacha sauti yake, jamaa zake wanaisikiliza. Siku tuliyosikia kuna sauti ya kaka yangu Feliksi, tuliomba kibali cha kutoka kambini, na mama akavaa kitenge chake cha kanisani. Tangu tuvuke ziwa hatukujua kaka yuko wapi.

"Shikamoo, mama. Bonyeza hapo pa kijani," Elia alisema. "Usiogope, haing'ati."

"Marahaba. Nimeng'atwa na makubwa kuliko hiyo." Mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Kambini, siku ya mgao wa chakula, unaweka kidole gumba kwenye mashine ya alama za vidole na kukikandamiza mpaka karani aseme toa. Ukitoa mapema unarudishwa nyuma ya foleni. Basi mama alikifuta kidole kwenye kitenge, akakiweka juu ya kitufe, akakandamiza.

Sauti ikatoka papo hapo, ikimwita mama kwa lugha ya kwetu. "Mawe, ni Feliksi. Mimi niko..."

Simu ikatetemeka. Kimya.

Mama hakuondoa kidole. Alimtazama Elia, akingoja kuambiwa.

Elia aliinyakua simu. Alikuwa amekipanga kitufe hivi: ukigusa, sauti inaanza, ukishikilia, inafutika, ili simu isijae. Alihangaika nayo mpaka adhana ya alasiri, sauti haikurudi. Feliksi alikuwa ameazima simu ya mvuvi wa ng'ambo, Kongo, na namba ile haikupatikana tena.

"Ulishikilia sana, mama."

"Hukuniambia nitoe, mwanangu."

Elia aliinamisha kichwa. Baadaye alikibadilisha kitufe. Sasa hakifanyi lolote mpaka kidole kiinuliwe, na kabla ya kufuta kinauliza kwanza. Wengine wamewapata watu wao kwa kitufe hicho.

Mama akipata kibali bado huenda sokoni. Elia humpa simu. Mama anaweka gumba pale pa kijani, anakandamiza, anatega sikio. Anasema siku ile alisikia maji nyuma ya sauti, kwa hiyo Feliksi yuko kando ya ziwa. Ziwa ni refu.

Watu wakianza kujipanga nyuma yetu, namgusa bega.

"Toa, mama."